Pointi za Chipukizi: Zake au za Kiti Alichokalia?

Kuhusu kisa hiki

Timu inayohusika ni ya kulipwa, inacheza hoki ya barafuni Amerika ya Kaskazini. Nimeondoa jina la timu, la mji, la mchezaji, na msimu wenyewe. Nimeondoa pia idadi kamili ya mabao na pointi zake, kwa sababu katika mchezo huu tarakimu mbili zinatosha kumtambulisha mtu: mpe mpenzi wa hoki mabao na idadi ya mechi, atakutajia jina kabla hujamaliza sentensi. Nilichobakiza ni uwiano, mpangilio wa matukio na hoja zilizotolewa chumbani. Wahusika wakuu nitawaita Chipukizi, Senta na Mpigaji. Mimi nilikuwa upande wa takwimu na video, na baadhi ya makosa yatakayosimuliwa humu ni yangu.

Swali tulilopewa lilikuwa jepesi kulitamka: kijana wa mwaka wa kwanza anayecheza laini ya kwanza na kufunga kama mkongwe, je, pointi hizo ni zake, au zimevimbishwa na dakika anazopewa?

Mazingira

Kwa asiyeufuata mchezo huu kwa karibu, mambo machache yanahitajika. Siku ya mechi timu huvalisha wachezaji 20: washambuliaji 12, walinzi 6 na makipa 2. Washambuliaji hugawanywa katika laini nne za watu watatu watatu, senta katikati na mawinga wawili pembeni. Mechi ni dakika 60, vipindi vitatu vya dakika 20, lakini hakuna mshambuliaji anayekaa barafuni muda mrefu. Zamu moja huchukua sekunde 40 hadi 50, kisha unaruka ukingo kurudi benchi ukihema. Mwisho wa mechi, mtu wa laini ya kwanza huwa amekusanya dakika 18 hadi 20, na wa laini ya nne dakika 8 hadi 10. Pointi moja hutolewa kwa bao, na pointi moja kwa kila pasi ya bao. Bao moja linaweza kuzalisha pasi mbili: ile ya mwisho, na ile iliyoitangulia. Hiyo pasi ya pili ina habari zake, tutaifikia.

Halafu kuna pawaplei, yaani muda ambao mpinzani anacheza pungufu kwa sababu mtu wake kaadhibiwa, mara nyingi kwa dakika mbili. Timu hupanga vikosi viwili vya pawaplei, na kikosi cha kwanza hula sehemu kubwa ya muda huo. Aliye kwenye laini ya kwanza mara nyingi ndiye aliye kwenye kikosi hicho.

Chipukizi alikuwa winga wa kushoto mwenye miaka ishirini na ushei. Hakuchaguliwa raundi ya kwanza, na alikuwa amemaliza msimu mzima kwenye ligi ya chini akipikwa. Shuti lake lilikuwa la kawaida na kasi yake ya kawaida. Kitu kimoja tu kilimtofautisha na wenzake: kisahani, kile kidude bapa kinachochezewa badala ya mpira, kikipotelea ukutani, kwenye ile misukumano ya mabega na magongo, yeye ndiye aliyetoka nacho. Msimu ulimkuta laini ya tatu, na hakuna aliyeshangaa.

Mfuatano wa matukio

Wiki chache tu baada ya msimu kuanza, winga wa kushoto wa laini ya kwanza alivunjika mtulinga. Kocha alijaribu watu wawili mahali pake kabla ya kumfikia Chipukizi. Wote wawili walikuwa na ujuzi kumzidi, na wote walishindwa kwa sababu ileile: walitaka kisahani. Senta naye ni mtu anayetaka kisahani kila sekunde. Mpigaji, winga wa kulia, kazi yake ni kutafuta nafasi, kuinua gongo na kusubiri. Laini hiyo haikuhitaji fundi wa tatu. Ilihitaji mtu wa kwenda kuchimba pembeni, amkabidhi Senta, kisha aelekee mbele ya kipa akapigwe magongo ya mgongo.

Chipukizi aliingia na pointi zikaanza kumiminika. Yule majeruhi alipopona, kocha hakumrudisha, kwa sababu laini inayofunga haivunjwi. Katikati ya msimu kijana alikuwa miongoni mwa wanaoongoza kwa pointi kati ya wachezaji wa mwaka wa kwanza. Kocha akamwongeza kwenye kikosi cha kwanza cha pawaplei, asimame mbele ya lango amzibe kipa macho, na pointi zikapanda tena. Msimu ulipoisha, jina lake lilikuwa kwenye kila mjadala wa chipukizi bora.

Kiangazi kile alibakiza mwaka mmoja wa mkataba wake wa kwanza. Wakala wake akafika mapema akitaka mkataba mrefu wa bei kubwa, na hoja yake yote ilikuwa karatasi moja yenye jumla ya pointi.

Chumba kilichogawanyika

Meneja mkuu alitukusanya. Skauti mkuu, yaani msaka vipaji wa timu, aliongea wa kwanza, na neno lake lilikuwa moja: anabebwa. Akamtaja Warren Young, mfano ambao kila skauti wa rika lake anaujua kwa moyo. Msimu wa 1984–85 Young, akiwa na miaka 29 na akicheza Pittsburgh pamoja na Mario Lemieux, gwiji wa baadaye aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia ligini, alifunga mabao 40. Detroit wakamchukua. Msimu uliofuata, bila Lemieux, alifunga 22, na mwaka 1986 akawa amerudi Pittsburgh.

Kocha akajibu kwa Artemi Panarin. Naye alikuwa mchezaji wa mwaka wa kwanza mwenye umri uliosogea kidogo, pale Chicago msimu wa 2015–16, winga wa pili akiwa Patrick Kane, aliyemaliza na pointi 106 na kuongoza ligi nzima. Panarin alipata pointi 77 na kuchukua Calder, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa kwanza wa NHL (ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika ya Kaskazini), na wengi walinung'unika kuwa hizo ni pointi za Kane. Mwaka 2017 akauzwa Columbus, kwenye timu isiyo na Kane, na msimu wake wa kwanza huko akapata 82. Mwaka 2019 akaenda New York Rangers, akapata 95 katika mechi 69. Kama Kane alikuwa anambeba, basi alipomshusha, Panarin alianza kukimbia.

Mtu akatupia na Michael Bunting wa Toronto, aliyeongoza wachezaji wa mwaka wa kwanza kwa pointi 63 msimu wa 2021–22 akicheza na Auston Matthews, aliyefunga mabao 60 msimu huo, na Mitch Marner. (Sheria ya Calder inamtaka mchezaji asiwe ametimiza miaka 26 ifikapo tarehe 15 Septemba. Iliwekwa baada ya Sergei Makarov kuichukua mwaka 1990 akiwa na miaka 31. Bunting alitimiza 26 siku mbili baada ya kikomo hicho. Chumba kilicheka, mjadala haukusogea.)

Meneja mkuu alisikiliza, kisha akasema hayo ni maisha ya watu wasio kwenye orodha yake ya mishahara. Alitaka kujua kuhusu huyu wake. Akanigeukia.

Nilikuwa na ripoti. Nilikuwa nimegawa pointi zake kwa dakika zake, nikapata pointi kwa kila dakika 60, na nikafanya hivyo kwa wenzake wote wa mwaka wa kwanza. Kwa jumla ya pointi alikuwa karibu na kilele. Kwa kila dakika 60 alishuka hadi juu kidogo ya katikati ya kundi. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi, kwamba dakika ndizo zilizompandisha.

Hesabu ilikuwa sahihi. Tafsiri ilikuwa nusu, na nitaieleza mbele.

Uamuzi, na sababu zake

Mbele ya meneja mkuu kulikuwa na njia tatu: kusaini mkataba mrefu papo hapo, kutoa mkataba mfupi wa kuvukia, au kungoja na kumjaribu. Alichagua kungoja. Ukiwa na kikomo cha mishahara, yaani jumla ambayo timu hairuhusiwi kuipita, mkataba mrefu wa mtu aliyebebwa ni jiwe shingoni kwa miaka mingi, na hakuna timu itakayokusaidia kulibeba bila kudai fidia. Kinyume chake, kijana akithibitika, bei itapanda lakini utakuwa unalipa kwa bidhaa unayoijua. Aliona hasara ya kwanza ni kubwa kuliko ya pili. Mpaka leo sioni kosa katika kufikiri kule.

Kosa lilikuwa namna ya kujaribu. Iliamuliwa kwamba msimu mpya ukianza Chipukizi ahamie laini ya pili, mbali na Senta, tuone atasimamaje.

Jaribio

Alipelekwa laini ya pili. Senta wa laini hiyo alikuwa hodari wa kuzuia, mtu ambaye kocha alimtumia kuanzisha mchezo kwenye eneo letu wenyewe wakati hatari ipo karibu na lango. Kwa hiyo Chipukizi naye akawa anaanzia zamu nyingi karibu mita hamsini kutoka kwenye lango la mpinzani. Winga wa upande wa pili alibadilishwa mara tatu katika mechi ishirini za mwanzo. Na kwa kuwa laini na vikosi vya pawaplei huenda pamoja, akashushwa kikosi cha pili, kile kinachoingia adhabu ikiwa imebakiza sekunde thelathini na watu wamechoka.

Pointi zake kwa mechi zikapungua kwa karibu nusu. Magazeti yakaandika habari za ukame wa mwaka wa pili, kwa maneno yaleyale yanayoandikwa kila mwaka kuhusu mtu mwingine. Skauti mkuu hakujigamba, lakini alitembea kama mtu aliyepokea barua nzuri. Chipukizi mwenyewe alianza kupiga mashuti kutoka kila kona, hata mahali ambapo shuti halina maana, kwa sababu alikuwa ameshajua yuko kwenye mtihani. Hakuna aliyemwambia. Wachezaji huwa wanajua.

Kisha Senta akaumia. Alikosa kama mwezi mzima. Kocha, akiwa hana namna, alimrudisha Chipukizi laini ya kwanza pamoja na Mpigaji, akaweka kati yao senta kijana aliyepandishwa kutoka ligi ya chini, na akamrudishia nafasi yake mbele ya lango kwenye pawaplei. Bila mtu yeyote kupanga, tukapata jaribio bora kuliko lile letu: kiti kilekile, dakika zilezile, pawaplei ileile, ila dereva hayupo.

Matokeo

Katika mwezi ule, wakati timu zote zina watu watano barafuni, kiwango chake cha pointi kwa kila dakika 60 kilishuka kidogo tu kulinganisha na msimu wa kwanza. Kilichobadilika ni aina ya pointi. Mabao ya kusukumiza kisahani kilichobakiza sentimita chache kuingia langoni yalipungua, na pasi zake za mwisho kwenda kwa Mpigaji ziliongezeka. Kwenye pawaplei ilikuwa hadithi nyingine: kikosi kizima kilizama, na pointi zake zikazama nacho.

Senta alipopona, kocha aliwaunganisha tena wote watatu bila kumwuliza mtu. Kiangazi kilichofuata timu ilimpa Chipukizi mkataba wa miaka miwili wa kuvukia. Timu ilitumia fedha kidogo kwa miaka miwili. Mkataba huo ulipoisha, ililipa kwa mwaka zaidi ya kile ambacho wakala alikiomba mwanzoni. Kwa jumla ya hesabu, je, ilipata au ilipoteza? Inategemea nani aliyesajiliwa kwa fedha iliyookolewa ile miaka miwili, na hapo timu haikufanya vibaya. Kwa hiyo siwezi kuiita hasara, ingawa wakala huiita hivyo kila akipata nafasi.

Uchambuzi: dakika zenyewe

Nianze na kosa langu. Dakika nyingi huongeza jumla ya pointi, hilo halina ubishi, na ndiyo maana kulinganisha jumla na jumla ni kujidanganya. Tuchukue mawinga wawili wa kubuni. Wa kwanza anacheza dakika 18 kwa mechi, mechi 80, anapata pointi 54. Wa pili anacheza dakika 11, mechi 80, anapata 33. Ukigawa, wote wana pointi 2.25 kwa kila dakika 60. Gazeti litamwita wa kwanza nyota na wa pili mtu wa kazi, na kumbe wanafunga kwa kasi moja.

Mpaka hapo sawa. Lakini kugawa kwa dakika huchukulia kwamba dakika zote ni sawa, na si sawa. Dakika za laini ya kwanza zina vitu vinavyopandisha pointi (Senta, Mpigaji, kuanzia zamu karibu na lango la mpinzani) na vitu vinavyoshusha: walinzi bora wa mpinzani hupangwa dhidi yako, hasa ugenini, kwa sababu mwenyeji ndiye mwenye haki ya kuwa wa mwisho kubadilisha wachezaji kabla mchezo haujaanzishwa. Yule winga wa dakika 11 anakutana na laini ya nne ya mpinzani. Tungempa dakika 18 dhidi ya walinzi wa kwanza, ile 2.25 yake huenda isingefika mbali. Ripoti yangu ilipomshusha Chipukizi hadi katikati ya kundi, ilikuwa inamlinganisha na vijana waliocheza dhidi ya watu wepesi zaidi. Nilidhani nimeondoa upendeleo mmoja, kumbe nimeingiza mwingine wa upande wa pili.

Pawaplei

Hapa ndipo uvimbe ulipokuwa, na tulichelewa kuupata kwa sababu ripoti ya kwanza ilichanganya kila kitu kwenye kapu moja. Katika NHL, timu ya kawaida ikicheza watano kwa watano hufunga takriban mabao 2.5 kwa kila dakika 60. Ikicheza watano kwa wanne, hufunga 6 au 7, na vikosi vikali huzidi hapo. Dakika moja ya pawaplei inalipa zaidi ya mara mbili. Ukimweka mtu yeyote mwenye gongo na afya njema kwenye kikosi cha kwanza cha pawaplei yenye mpigaji hatari, pointi zitamfuata.

Tulipotenganisha, zaidi ya theluthi ya pointi za Chipukizi za msimu wa kwanza zilitoka pawaplei, na nyingi kati ya hizo zilikuwa pasi za pili. Amegusa kisahani, kimeenda kwa Senta, Senta kampa Mpigaji, bao. Kitabuni, Chipukizi na Senta wana pointi moja moja. Kwa mtazamaji, mmoja alicheza na mwingine alikuwepo. Sisemi pasi ya pili haina thamani. Kuna pasi za pili ambazo ndizo zilizovunja ulinzi wote. Lakini hazitabiri vizuri. Mtu mwenye pasi nyingi za pili mwaka huu hana uhakika wa kuzipata mwaka ujao, kwani zinategemea watu wawili baada yake.

Laiti tungetenga pawaplei tangu kikao cha kwanza, skauti na kocha wangegundua kwamba hawabishani. Skauti alikuwa anakumbuka pointi za pawaplei. Kocha alikuwa anaangalia watano kwa watano.

Abebwaye hujikaza

Ubishi wa "anabebwa" ulikuwa na ugumu mwingine ambao takwimu peke yake haiwezi kuutatua. Chipukizi na Senta walicheza pamoja karibu dakika zote za watano kwa watano. Watu wawili wasipotengana, hesabu haina namna ya kujua nani kafanya nini. Itagawa sifa kwa kubahatisha na kuipa sura ya uhakika. Mfano mashuhuri ni mapacha Daniel na Henrik Sedin wa Vancouver. Kwa miaka mingi watu walijiuliza ni nani anayemwendesha mwenzake. Msimu wa 2009–10 Daniel aliumia na kukosa mechi 19, Henrik akaendelea kufunga bila pacha wake na akamaliza na pointi 112, akiongoza ligi. Jibu lilikuja kwa ajali, kama letu.

Tungeweza kuangalia dakika chache ambazo Senta alicheza bila Chipukizi, na kweli tuliziangalia. Nyingi zilikuwa za mwanzo wa msimu, na wale mawinga wawili walioshindwa, au za dakika za mwisho tukiwa nyuma, wakati kila mtu anashambulia na mpinzani kajifungia nyuma. Kulinganisha hizo na dakika za kawaida ni sawa na kumpima mtu homa akiwa ametoka kukimbia.

Kilichotusaidia ni video. Tuliangalia kila bao ambalo Chipukizi alipata pointi, watu wawili, kila mmoja kivyake, na kuuliza: kisahani kilipatikanaje sekunde kumi kabla ya bao? Mabao ya watano kwa watano yalitushangaza. Sehemu kubwa ilianza na yeye kuchomoa kisahani ukutani, na kwenye mengi ya hayo hakuwa hata na pointi. Yalikuwa ya Senta na Mpigaji, na sisi tuliyakuta kwa bahati wakati mwenzangu mmoja alipokosea faili akaangalia mabao yote ya laini badala ya yale ya Chipukizi tu. Kosa lile la faili ndilo lililonifungua macho. Kijana alikuwa anawabeba pia, kwa kazi isiyoandikwa popote.

Hapo nikiri pungufu moja kubwa: tuliangalia mabao tu. Hatukuangalia nafasi ambazo hazikuzaa bao, na hizo ndizo nyingi. Ukichambua mabao pekee unachambua siku njema za mtu.

Jaribio lililobadilisha mambo manne

Tulitaka kujua athari ya Senta. Tukambadilishia Chipukizi senta, winga, mahali pa kuanzia zamu na kikosi cha pawaplei, vyote kwa siku moja. Pointi zilipopungua, kila mtu alichagua sababu aliyoipenda. Baadaye tulipozitenganisha, sehemu kubwa ya upungufu ilikuwa ya pawaplei, na ya watano kwa watano ilikuwa ndogo kuliko magazeti yalivyodhani.

Lingewezekana jaribio safi: mwache kwenye kikosi cha kwanza cha pawaplei, mtenge na Senta watano kwa watano tu. Kocha angekubali, kwani vikosi vya pawaplei si lazima vifuate laini. Hatukumwomba. Na mechi ishirini ni chache mno kwa jambo kama hili. Winga mzuri anaweza kupita mechi kumi bila bao bila kuwa amebadilika chochote.

Bahati

Nililipuuza kabisa kwenye ripoti ya kwanza. Watano kwa watano, mashuti yanayolenga lango huwa mabao kwa takriban asilimia 8 kwa wastani wa ligi. Laini yenye wapigaji wazuri hukaa juu ya hapo kidogo, kila mwaka. Msimu wa kwanza, Chipukizi akiwa barafuni, timu ilikuwa juu sana ya hapo, kiasi ambacho hata laini zenye wakali hazikidumishi. Msimu wa pili ikarudi chini kama ilivyotarajiwa. Sehemu ya kile kilichoitwa ukame ilikuwa makipa kuanza kudaka mashuti waliyokuwa wakiyaachia mwaka uliotangulia.

Jambo hili halimhusu Senta wala dakika, na lingetokea hata kama tusingemhamisha. Kikombe hiki huwapata wachezaji wa mwaka wa kwanza zaidi kuliko wengine kwa sababu rahisi: hawana misimu ya nyuma ya kulinganisha. Mkongwe akilipuka mwaka mmoja tunasema amepata bahati. Kijana akilipuka, tunadhani ndivyo alivyo.

Yaliyobadilika kazini

Ripoti zetu sasa hazianzi na jumla wala na pointi kwa dakika 60. Zinaanza na watano kwa watano peke yake, mabao na pasi za mwisho kwanza, pasi za pili pembeni, kisha asilimia ya mashuti timu ikiwa naye barafuni, ndipo pawaplei, kwenye ukurasa wake. Video inaangaliwa kwa laini nzima, pamoja na nafasi zilizopotea. Inachosha, na meneja mkuu husoma ukurasa wa kwanza tu.

Tulipomaliza kuunda chujio hilo, mwenzangu alipendekeza tumpitishe nalo yule winga wa kwanza kabisa, aliyevunjika mtulinga, ambaye kiti kilikuwa chake kabla ya haya yote. Tulichukua misimu yake mitatu kando ya Senta. Pointi zake za pawaplei zilikuwa sehemu kubwa zaidi ya zile za Chipukizi, pasi zake za pili zilikuwa nyingi zaidi, na ukutani hakuwa akichomoa kitu. Mkataba wake mrefu tulikuwa tumeshausaini miaka miwili kabla, kwa karatasi moja yenye jumla ya pointi, na siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza nani anambeba.